Mbio za Baiskeli Katika Msitu wa Ngezi: Njia Kwanza, Mashindano Baadaye

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu husemwa kwa furaha, lakini ndani yake limo sharti. Ujio wa mgeni hupimwa kwa hali ya mwenyeji baada ya mgeni kuondoka. Kama mwenyeji amepona, ujio ule ulikuwa na kheri. Kama ameachiwa deni la kulipa na uchafu wa kufagia, basi pana jambo halikwenda sawa. Kwa kipimo hicho tunataka leo kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa wengi wetu bado ni geni, nalo ni mashindano ya baiskeli yanayopitishwa katika barabara na vijia vya msituni. Tunauliza kama kisiwa cha Pemba kinaweza kuyakaribisha mashindano hayo katika msitu wa Ngezi, na kwa masharti gani.

Mchezo wenyewe si wa kale. Mnamo Oktoba 1976, katika wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, vijana kadhaa walianza kushindana kuteremka barabara ya udongo ya mlimani kwa baiskeli nzito za zamani. Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mtu alizifunga kwa kuzirudisha pedali nyuma. Kufikia mwisho wa mteremko grisi yote ilikuwa imekwisha kuungua, ikabidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya kabla ya kuteremka tena. Kwa hiyo mbio zile zikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Siku hizi mbio zake ni za namna nyingi. Zipo za mzunguko mfupi wa kilomita chache, ambao washindani huurudia mara kadhaa mbele ya watazamaji; na zipo za masafa, za kilomita 60 hadi 160, ambazo hupita nyika, mashamba na misitu.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Afrika Kusini ina mashindano yake ya siku nyingi yaitwayo Cape Epic, ambayo yalianza mwaka 2004 na huvuta waendeshaji kutoka kila pembe ya dunia. Kenya imekuwa na mbio za kuteremka Mlima Kenya, kutoka kimo cha futi 10,000 hadi futi 4,000, zilizoanzishwa kwa madhumuni ya kukusanya fedha za kuhifadhi mlima huo na misitu yake. Rwanda ilimpeleka kijana wake, Adrien Niyonshuti, kushindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Na mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ikiwa ni mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Majirani zetu, basi, wamekwisha kuona kwamba baiskeli, chombo cha mnyonge, yaweza kuiletea nchi sifa na pato.

Pemba haina mlima. Lakini anayeijua Pemba anajua kwamba haina tambarare nyingi pia. Kisiwa chote ni vilima na mabonde, mteremko ukisha kinaanza kipando, na katika vipando hivyo Mpemba amesukuma baiskeli yake miaka na miaka, ikiwa na gunia la karafuu, tenga la samaki au mkungu wa ndizi juu ya kerea. Kijana aliyezoea kazi hiyo ana miguu na mapafu ambayo mwanamichezo wa mjini huyatafuta kwa fedha nyingi. Kwa hiyo rai ya kufanya mbio za baiskeli Pemba si rai ya kipuuzi. Sisi tunaiunga mkono. Tunachotaka kukisisitiza ni kwamba isitekelezwe kwa pupa, kwa sababu mahali panapofaa zaidi kwa mbio hizo ndipo mahali panapohitaji hadhari zaidi.

Mahali hapo ni Ngezi. Atokaye Konde kuelekea Makangale, na kuendelea mpaka Ras Kigomasha penye mnara wa taa, hupita katikati ya msitu huo. Wako watu waliokwisha kuupita mara mia bila ya kutafakari ni kitu gani wanachokipita. Zamani sehemu kubwa ya kisiwa hiki ilifunikwa na misitu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kilichokuwa shamba kuu la karafuu, na mapori yakafyekwa kilima baada ya kilima. Ngezi ndiyo iliyosalia. Nayo pia haikusalia bila ya jeraha, kwani imewahi kukatwa magogo. Ndani yake imo miti mirefu kama mivule. Umo mpapindi, ambao ni mnazi wa porini wenye asili ya Pemba. Yamo mabwawa, na mikoko upande wa pwani, na uwanda wa vichaka vifupi juu ya mchanga, mambo ambayo ni nadra kuyakuta pamoja katika eneo dogo namna ile. Wamo popo wakubwa wa Pemba, na bundi mdogo wa Pemba, viumbe ambao makazi yao ya asili ni kisiwa hiki peke yake. Wamo pia kima punju, ambao asili yao ni Unguja na ambao waliletwa Ngezi katika miaka ya 1970.

Msitu wa namna hiyo ukiharibika, hakuna mwingine wa kuuagiza. Ndiyo maana tunasema: njia kwanza, mashindano baadaye.

Tuwatazame wale waliotutangulia katika mchezo huu. Kule Marin ulikoanzia, vijana walianza kupita katika kila kijia cha mlima bila ya mtu kuwauliza na bila ya wao kumwuliza mtu. Haukupita muda mrefu ugomvi ukazuka kati yao na watembea kwa miguu, wapanda farasi na watunza misitu. Vijia vingi vyembamba vikapigwa marufuku kwa baiskeli. Katika barabara za msituni ukawekwa ukomo wa mwendo wa maili 15 kwa saa, ambazo ni kilomita 24 hivi. Na walinzi wakasimama na vyombo vya kupimia kasi kama askari wa barabarani. Ikawa mahali ulipozaliwa mchezo ndipo mahali ulipobanwa zaidi. Kosa halikuwa la baiskeli. Watu walitangulia kushindana kabla ya kukubaliana, na desturi mbaya ikisha kuota mizizi, sheria inayokuja kuing'oa huja na chuki.

Pia yafaa tueleze ni jinsi gani njia ya msituni hufa, maana wengi wetu hudhani kwamba huuawa na magurudumu. Magurudumu huanza tu kazi ambayo maji huja kuimaliza. Mwendeshaji anayefunga breki ghafula juu ya mteremko huliburura gurudumu la nyuma, na gurudumu likaacha mfuo mwembamba. Mvua ikinyesha, maji huufuata mfuo ule. Kila mvua huuchimba zaidi, mpaka kijia kikawa mtaro, na mtaro ukawa korongo. Waendeshaji wanaokuja nyuma huliepa korongo kwa kupita pembeni, wakaua miche michanga, na kijia cha upana wa hatua moja kikawa na upana wa hatua tano. Hebu na tufanye hesabu ndogo. Washindani 200 wakizunguka mara tano, njia ile itakuwa imepitwa mara 1,000. Na kwa kuwa kila baiskeli ina magurudumu mawili, ardhi ileile itakuwa imekanyagwa na magurudumu 2,000 katika asubuhi moja. Ardhi kavu na ngumu yaweza kustahimili hayo. Ardhi iliyolowa haiwezi.

Hatusemi haya kwa kuionea baiskeli. Utafiti uliofanywa katika vijia vya milimani huko Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kwato za farasi hutimua udongo mwingi kuliko baiskeli, na kwamba tofauti kati ya baiskeli na miguu ya watu si kubwa kama inavyodhaniwa. Linaloamua ni mteremko, unyevu wa ardhi na njia ya kutolea maji. Wajenzi wa vijia wana kanuni ambazo hata fundi wetu wa kijijini atazielewa mara moja. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inachokikata. Kwa wastani njia isishuke zaidi ya meta 10 katika kila meta 100. Uso wake uinamishwe kidogo upande wa bondeni, ili maji yaikate na kwenda zake badala ya kuifuata. Njia iliyochongwa hivyo hudumu. Njia inayoteremka wima kutoka kileleni, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayomfurahisha zaidi kijana mwenye kasi, haidumu hata masika mawili.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yetu. La kwanza ni kwamba pasikatwe njia mpya hata moja ndani ya Ngezi kwa ajili ya mashindano. Barabara ipo, na njia za zamani zilizokwisha kupitishwa vyombo zipo. Hizo ndizo zitumike. Mbio zianzie Konde, mahali penye upana, ili washindani wapate kutawanyika kabla ya kuingia penye wembamba. Kundi linaloingia kijiani likiwa bado limesongamana ndilo linaloanguka na ndilo linalochepuka na kukanyaga miti. Sehemu kubwa ya masafa, pamoja na vipando vikali na mikiki ya kupitana, iwekwe nje ya msitu, katika njia za mashamba na vilima vya vijijini, ambako watu watakaa na kutazama. Ndani ya msitu wapite kwa mwendo uliopangiwa ukomo, na kupitana kukatazwe. Mabwawa, mikoko na ule uwanda wa vichaka visiguswe kabisa, na vijia vya wageni wanaotembea kwa miguu viachiwe wao.

La pili ni wakati. Mashindano yafanyike katika miezi mikavu, baada ya masika kwisha na ardhi kushikana, wala yasifanyike katika vuli. Mvua isiyotarajiwa ikinyesha usiku wa kuamkia siku ya mbio, bwana misitu awe na mamlaka ya kuyaahirisha bila ya kumwomba mtu ruhusa, hata kama wageni wamekwisha kufika na ngoma zimekwisha kuwambwa. Vilevile tarehe isigongane na mwezi wa Ramadhani wala na kilele cha kuchuma karafuu, kwa maana hakuna busara kuifungia barabara familia inayotafuta riziki yake ya mwaka mzima ili watu wapate kucheza.

La tatu ni utulivu wa viumbe. Pasiwe na mbio za usiku, ambao ndio wakati wa kazi wa bundi na popo. Vipaza sauti na vituo vya maji na chakula viwekwe vijijini, visiwekwe msituni. Tunao mfano wa karibu. Barabara ipitayo Jozani kule Unguja iliwaua kima punju wengi, mpaka yakawekwa matuta ya kupunguza mwendo wa magari, na vifo vikapungua. Barabara haikufungwa wala kima hawakuhamishwa; kasi ndiyo iliyopunguzwa. Somo hilo ni letu wenyewe, tumelipata kwa gharama yetu, wala hatuna haja ya kulisafiria.

La nne, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni nani atakayekuwa mwenye njia. Vijiji vilivyouzunguka msitu, vya Makangale, Tondooni na vinginevyo, ndivyo vilivyoombwa kuacha kukata kuni, kuacha kuchoma mkaa na kuacha kutega. Si haki mtu akatazwe kuingia na shoka lake, kisha mwaka huohuo amwone mgeni akiruhusiwa kuingia na watu mia mbili na magurudumu mia nne, naye asipate katika hayo ila vumbi. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, ilikwisha kufungua mlango wa Serikali kufanya makubaliano na wanavijiji juu ya usimamizi wa misitu. Mlango huo ndio unaofaa kupitiwa. Makubaliano yatamke kwa maandishi ni sehemu gani ya ada ya kila mshindani inayokwenda kijijini, inalipwa lini, na inakabidhiwa mbele ya nani.

Na sehemu moja ya ada hiyo isigawanywe kabisa, bali iwekwe kuwa dhamana ya njia. Mwenye kuandaa mbio aiweke kabla ya siku yenyewe. Mbio zikisha kwisha, bwana misitu, sheha na wazee waipite njia yote kwa miguu, waandike kila mfuo na kila mti uliojeruhiwa, na vijana wa vijiji hivyo waajiriwe kuitengeneza kwa fedha hizo kabla mvua hazijaanza. Watembee tena baada ya masika, kwa sababu kama tulivyoeleza, madhara ya baiskeli huonekana baada ya mvua. Mwenye kuandaa ambaye hayuko tayari kungoja hesabu hiyo hakuja kutaka mashindano; alikuja kutaka picha.

Wasiosadiki kwamba wanavijiji wanaweza kukabidhiwa kazi kama hiyo na waitazame habari ya popo wa Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 popo hao walihofiwa kutoweka, kwa kuwindwa na kwa kukatiwa miti wanamolala. Vijiji vilipoelezwa thamani yao, na mahali kama Kidike palipoanza kupata kitu kutokana na wageni wanaokwenda kuwatazama, bunduki na mitego ilipungua. Baada ya muda usiotimia miaka 20 popo walihesabiwa kwa maelfu mengi. Polisi wasingeliweza kufanya hayo. Yalifanywa na watu waliouona mti wenye popo kuwa ni mali yao.

Tunajua kwamba wapo watakaotupinga. Wapo wanaosema kwamba msitu wa hifadhi ni wa kuachwa kama ulivyo, usiguswe na kitu. Tunawaheshimu, na wasiwasi wao ndio uliotufanya tuandike masharti mengi namna hii. Lakini msitu usio na faida yoyote kwa jirani yake hulindwa na bwana misitu peke yake, na bwana misitu hulala usiku. Wapo wengine wanaosema kinyume chake, kwamba masharti haya yatawafukuza wageni. Hao tunawajibu kwamba anayefukuzwa na sharti la kutengeneza alichokiharibu hatuna hasara ya kumkosa. Na wapo wanaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri, kwa kuwa baiskeli moja ya mashindano huuzwa bei ya pikipiki, au zaidi. Maneno hayo yana ukweli, nayo yanahitaji jawabu la vitendo.

Jawabu lenyewe ni kuwa na daraja maalumu ya baiskeli za kazi, zile zile za kerea, zenye zawadi ya heshima isiyopungukiwa sana na ile ya wageni. Mchukuzi wa Konde apambane na mchukuzi wa Wete, mvuvi na mkulima, na watoto wa skuli, wake kwa waume, wawe na masafa yao mafupi kwa mavazi yanayolingana na heshima yao. Mafundi wa baiskeli walioko chini ya miembe ya vijijini wapatiwe vifaa na mafunzo, kwa sababu breki nzuri na tairi zima ni hifadhi ya uhai kabla ya kuwa ufundi wa ushindi. Kituo cha huduma ya kwanza kiwe tayari, na kila kona yenye hatari iwe na mtu mwenye bendera anayeijua njia. Hapo ndipo mbio zitakuwa za Pemba, na mgeni atakuwa mgeni kweli, si mwenye nyumba.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika na misitu, michezo na utalii wasingoje mpaka mtu aje na mabango na barua za wafadhili mkononi. Atakapokuja, atakuja na haraka, na atataka jibu kabla ya msimu. Na waketi sasa, pamoja na masheha na wazee wa Micheweni, waichore njia juu ya ramani, waitembee kwa miguu kutoka Konde mpaka Ras Kigomasha, wapige alama panapopitika na pasipopitika, na waandike masharti kwa Kiswahili chepesi ambacho kila mwanakijiji ataweza kukisoma na kumsomea mwenziwe. Kazi hiyo haina gharama kubwa. Inataka muda, viatu vizuri na nia safi.

Mbio ni za siku moja. Jioni yake mshindi atakuwa amekwisha kupewa kikombe chake, na siku ya pili meli itakuwa imekwisha kuwachukua wageni. Njia itabaki, na masika yatakuja kuikagua kama yanavyokagua kila kazi ya binadamu katika kisiwa hiki. Tuitengeneze njia ambayo haitatuaibisha mbele ya mvua, kisha na tuwaite wenye baiskeli waje.